Mashine ya Sukari Mliyonipa Inanichongea

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Kisukari.

Ndugu Daktari,

KUHUSU: KUONDOLEWA KWA MASHINE YA KUPIMA SUKARI NYUMBANI KWANGU

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na sukari yako ikiwa pale unapotaka iwe. Yangu utaisoma humu ndani.

Mimi ni yule mgonjwa wako mrefu mwenye kofia ya kahawia, ambaye kila Jumatano ya kliniki hukaa benchi la mbele karibu na mlango. Kabla ya kustaafu nilikuwa Mkaguzi wa Mizani na Vipimo kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuna mizani ya duka, bucha, ghala wala kituo cha mafuta katika mji huu ambayo sijaiinamia. Nimefunga maduka. Nimebeba mizani za watu huku wakinishika shati. Sitaji haya kwa majigambo, bali ili ujue kwamba husomi manung'uniko ya mtu aliyeamka vibaya. Unasoma ripoti ya mtaalamu.

Miezi minne iliyopita muuguzi wako, yule mwenye miwani, alinikabidhi mashine ndogo inayoingia kiganjani, kopo la vijiti vya kupimia, kifaa cha kutobolea kidole, sindano zake na daftari. Akaniambia, "Baba, sasa utajipima mwenyewe nyumbani. Asubuhi kabla hujala kitu iwe kati ya nne na saba. Masaa mawili baada ya kula isizidi kumi. Andika kila namba humu, uje nalo kila mwezi." Alisema kwa upole, hata nikadhani nimepewa zawadi. Kumbe nimekabidhiwa askari wa kuishi naye chumba kimoja.

Naomba mashine hiyo iondolewe nyumbani kwangu haraka iwezekanavyo. Sababu ni hizi zifuatazo, nami nimezipanga kwa namba ili usipotee njiani.

1. Mashine haina muhuri. Mizani yoyote halali hukaguliwa kila mwaka na kupigwa muhuri mbele ya mwenyewe. Hii nimeigeuza juu chini, nimeivalia miwani yangu na juu yake nikaongeza ya mke wangu. Ina namba za kiwandani na picha ya betri, basi. Nilipomuuliza muuguzi nani aliyeikagua, alijibu kwamba ilikaguliwa ilikotengenezwa. Ndugu Daktari, kila mfanyabiashara niliyemkamata alinijibu hivyo hivyo.

2. Mashine haitambui sukari. Hili najua litakushtua, kwa hiyo naeleza taratibu. Kwa kuwa haipokei mawe ya mizani, nililazimika kuijaribu kwa njia nyingine. Nilikoroga kikombe cha chai chenye vijiko vinne vya sukari, nikachovya kijiti, nikasubiri. Ikaandika herufi ya kosa. Nikaongeza kijiko cha tano. Ikaandika kosa tena. Nikajaribu asali. Vijiti sita vilikwisha kwa uchunguzi huo, na mashine ilisimama katika msimamo wake kwamba ndani ya chai na asali hakuna kitu cha kusoma. Lakini nikiipa tone langu moja la damu, damu ya mtu mzima asiyeonja hata peremende, inaona sukari kutoka maili moja! Sasa hapo nani ana kosa?

Binti yangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alipita jikoni wakati wa jaribio la asali. Akasema, "Baba, hiyo ni ya damu." Nikamwambia sukari ni sukari. Akavuta kiti, akaketi kunitazama kama watu wanavyotazama mtu anayepaka rangi ukuta usio wake.

3. Mashine inapokea rushwa ya sabuni. Siku moja nilijipima mara tu baada ya kumenya machungwa, ikaniambia kumi na saba nukta tatu. Nilifunga safari hadi kwenu nikiwa nimeshikilia kidole changu juu kama ushahidi. Muuguzi akanichukua hadi kwenye sinki, akanisimamia ninawe kwa maji na sabuni, nikaushe vizuri, kisha nikapimwa tena. Nane nukta moja. Akasema utamu wa chungwa ulikuwa bado uko kidoleni. Mimi nauliza: mizani inayobadilisha maneno yake kwa kuoshewa mikono, ukiipelekea na taulo itasema nini?

4. Mashine imevunja heshima yangu ndani ya nyumba. Nimekaa na mke wangu miaka arobaini. Miaka yote hiyo, tukiamka, aliniuliza nimelalaje. Siku hizi ananiuliza, "Ngapi?" Hata shikamoo ya wajukuu siku hizi inakuja nyuma ya namba. Nikisema sita nukta nne, naletewa chai na tabasamu. Nikisema tisa, naletewa maji na macho. Kipande changu cha mkate sasa kinakatwa kufuata mashine ilivyosema asubuhi, na viazi navyo vinahesabiwa mbele yangu, mimi niliyewahi kuwahesabia watu magunia.

Aliye mbaya zaidi ni mjukuu wangu wa kike wa miaka tisa. Huyu amejiteua kuwa karani wa mashine. Anajua kuiwasha, anajua kijiti kinaingia upande gani, na anajua kwamba kutoboa pembeni ya ncha ya kidole kunauma kidogo kuliko katikati. Amechora mstari wa sukari yangu kwa penseli nyekundu kwenye karatasi ya daftari la shule, akaubandika kwenye mlango wa friji. Wageni wakija kunywa maji wanausoma. Wiki iliyopita fundi bomba, mtu aliyekuja kuziba mfereji tu, alisimama mbele ya friji, akatingisha kichwa, akaniambia, "Pole, mzee. Jumapili ulikula nini?"

Ndugu Daktari, Jumapili ilikuwa harusi ya mtoto wa jirani na nilikula keki. Vipande vitatu. Lakini hilo halimhusu fundi bomba.

5. Daftari. Hapa naomba usome ukiwa umekaa.

Baada ya mwezi wa kwanza, ulipolifungua daftari langu ukasema "Hmm," nilielewa kwamba namba zangu hazikupendezi. Mimi ni mtu wa kufanya kazi ipendeze. Nikatafuta ufumbuzi. Mke wangu hana kisukari. Anakula kidogo, anatembea kwenda sokoni na kurudi, na damu yake ni tulivu kama yeye mwenyewe. Nilimwomba anisaidie kidole. Kwa sindano mpya kila mara, maana mimi si mjinga. Alikubali siku mbili za kwanza akidhani nahakikisha afya yake, hata akaniambia, "Mume wangu, siku hizi unanijali." Tano nukta moja. Nne nukta tisa. Tano nukta tatu. Nikaandika zote daftarini kwa kalamu ya wino wa buluu, kwa hati nzuri. Siku ya tatu alinikuta naandika. Hakugomba. Alisema tu, "Kwa hiyo daktari anamtibu nani?" Akaninyooshea mkono wake kwa siku kumi na mbili zilizobaki, kila asubuhi, huku akinitazama usoni. Hebu fikiria mwenyewe adhabu hiyo.

Ulifurahi sana ulipoliona daftari. Ulisema huenda tupunguze dawa. Kisha ukanipima kile kipimo chenu cha damu kinachosoma miezi mitatu ya nyuma, ukaiinamia karatasi ya majibu, ukauliza, "Mzee, hizi namba ni za nani?"

Malalamiko yangu katika kipengele hiki ni kwamba kliniki ina vipimo viwili vinavyokula njama dhidi ya mgonjwa mmoja.

6. Muuza nyama. Nakuomba radhi mapema kwa urefu wa sehemu hii.

Kwenye ubao wenu wa matangazo, pale juu ya meza ya kupimia presha, mmebandika daftari la mgonjwa wa mfano. Halina jina, lakini lina doa la damu pembeni ambalo si damu ya binadamu, na mimi naijua hati hiyo. Ni ya muuza nyama wa bucha la kona. Mwaka wa kumi na nne wa utumishi wangu nilikamata mizani yake ikiiba gramu hamsini katika kila kilo. Niliibeba mwenyewe kwa mikono miwili, wateja wakiangalia. Na mtu huyu leo mnamwonyesha wagonjwa wenzake kama kielelezo cha uaminifu katika namba! Sita nukta mbili, tano nukta nane, sita nukta moja, ukurasa mzima, kama shanga zilizochaguliwa.

Nilimweleza muuguzi kwamba mtu aliyechezea mizani ya nyama hashindwi kuchezea ya sukari. Akacheka akasema, "Baba, huyo anatembea kilomita nne kila asubuhi, na ameacha soda tangu mwaka juzi." Hayo si majibu ya kitaalamu. Nikaamua kufanya ukaguzi mwenyewe, na ukaguzi huo ndio ulionifikisha kwenye kipengele cha saba.

7. Tukio la Jumamosi. Mpango wangu ulikuwa halali kabisa. Ningekwenda buchani na mashine yangu, nijipime mbele ya wateja kwa mashine yangu na kwa yake, kidole kimoja, wakati mmoja, na kuonyesha hadharani kwamba mojawapo ni ya uongo. Ili namba yangu isiniaibishe mbele yake, ilibidi iwe chini. Kwa hiyo Ijumaa jioni sikula. Jumamosi asubuhi sikula. Vidonge vyangu nilimeza, kwa sababu mimi si mtu wa kukaidi dawa. Najua kwamba kwenye pakiti mmeandika vimezwe pamoja na chakula. Niliona hayo ni mapendekezo.

Nilifika buchani kwa miguu yapata saa tatu asubuhi. Muuza nyama alikuwa amevaa aproni yake, anakata mbavu, na wateja watatu walikuwa wamesimama foleni. Nikasema, "Nimekuja kukagua." Akaweka shoka chini. "Bado tu, Mkaguzi?" Watu wakacheka. Nilitaka kumjibu jibu kali, nililokuwa nimeliandaa njia nzima, lakini sikuliona lilipokwenda.

Yanayofuata nayajua kwa kusimuliwa. Inasemekana nilianza kutokwa jasho kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Mikono ilitetemeka. Inasemekana nilimwambia mama mmoja kwamba kikapu chake hakijatimia uzito, nikampa notisi ya siku saba. Kisha nikatangaza bucha limefungwa kwa amri ya serikali, nikajaribu kuikamata feni. Wateja walidhani nimelewa, na mmoja akasema nitolewe nje nipigwe upepo. Muuza nyama peke yake ndiye hakucheka tena. Alisema, "Huyu hajalewa. Mkamateni asianguke." Akanawa mikono, akatoa mashine yake chini ya meza, akaweka sindano mpya, akasema, "Mkaguzi, nipe kidole."

Nilimpa kidole kisicho sahihi, nasikia. Alichukua kingine.

Mbili nukta sita.

Aliagiza soda dukani, ile ya sukari kamili, akanishikia chupa mdomoni kama mtoto, akaniambia ninywe, nisibishane, nimeze. Wateja waliambiwa wasubiri, wakasubiri. Alihesabu dakika kumi na tano kwenye saa ya ukutani, akanipima tena. Nne nukta tano. Ndipo akanipa mkate na maziwa, akanikalisha kwenye kigoda chake nyuma ya meza, chini kabisa ya ile mizani yake mpya. Muda wote huo mkono wake ulikuwa begani kwangu, na shati langu likanuka nyama hadi Jumatatu.

Malalamiko: nimepimwa bila ridhaa yangu ya maandishi, na mtu niliyewahi kumtia hatiani.

Si hilo tu. Nilipopata akili, na wateja walipokwisha kuondoka, aliegemea meza akaniambia, "Unakumbuka siku ile ulipochukua mizani yangu? Nilikuchukia miaka kumi. Lakini nilijua inaiba. Nilijua siku zote, nikawa najiambia ni mizani, si mimi." Akafuta kisu chake kwenye aproni. "Mimi nilikuwa naibia wateja. Sasa wewe, Mkaguzi, unamwibia nani?"

Swali hilo ni la udhalilishaji, na naomba lifutwe katika kumbukumbu.

Mke wangu alifika akiwa na kanga aliyojitupia na viatu viwili visivyofanana. Mtu alikuwa ameshamwambia nimekufa. Aliponikuta nakula mkate kwenye kigoda, alisimama mlangoni. Nilitegemea atalia au atanigombeza. Akasema kwa sauti ya chini, mbele ya muuza nyama, "Mama yako walimkata mguu, akafa hajui namba yake hata moja. Hakukuwa na mashine. Wewe umeletewa hadi nyumbani, na unagombana nayo."

Ndugu Daktari, juu ya maneno hayo sina la kulalamika. Naendelea na kipengele kinachofuata.

8. Vidole. Vipo kumi tu.

9. Tangu Jumamosi ile mke wangu anataka nijipime pia kila nikitetemeka, kila nikikasirika bila sababu, na kila nikisahau neno. Mimi ni mstaafu. Kwa kigezo hicho nitajipima kutwa. Juzi nilikasirika kwa sababu nzuri kabisa, kuhusu redio, na bado nililetewa mashine kwenye sinia kama mgeni aletewavyo chai. Sita nukta tisa. Kwa hiyo hasira ilikuwa yangu mwenyewe, na imethibitishwa kitaalamu. Sikupenda jinsi binti yangu alivyocheka.

Kutokana na hayo yote, naleta kwako maombi haya:

(a) Mashine ichukuliwe, pamoja na daftari, kopo la vijiti, na ule mchoro wa penseli nyekundu ulioko kwenye friji.

(b) Ikishindikana, kiwango cha juu cha asubuhi kipandishwe kwa wastaafu kulingana na utumishi: namba moja kamili kwa kila miaka kumi. Kwangu mimi saba itakuwa kumi. Ule mwaka mmoja unaobaki nimeisamehe kliniki.

(c) Mgonjwa apewe taarifa ya maandishi ya siku kumi na nne kabla ya kupimwa, ili apate muda wa kujirekebisha. Wafanyabiashara walikuwa wakiniomba hivyo hivyo kila mwaka. Niliwakatalia wote, lakini wao walikuwa na nia mbaya.

(d) Namba isiyomridhisha mgonjwa iwe na rufaa. Kidole cha pili kisikilize rufaa ya kidole cha kwanza, na vikipingana, jambo lipelekwe kwenye kamati ya vidole vya mkono wa pili.

(e) Keki ya harusi itambuliwe kisheria kuwa si chakula bali ni ujirani.

(f) Daftari la muuza nyama liondolewe ubaoni. Kama ubao hauwezi kukaa mtupu, niko tayari kuwapa langu la zile wiki mbili za wino wa buluu, ambalo kwa hati na kwa namba halina mfano.

(g) Niteuliwe Mkaguzi wa Mashine za Sukari za Majumbani, kwa kujitolea, nianze na nyumba ya muuza nyama. Nitafanya kazi hiyo bila upendeleo, kama nilivyofanya siku zote, isipokuwa nyumbani kwangu.

Nitashukuru nikijibiwa kwa maandishi, wala si kwa "Hmm."

Nisalimie muuguzi mwenye miwani, na umwambie sabuni ipo. Nisalimie yule kijana wa dirisha la dawa anayepiga muhuri bila kutazama, mama anayesafisha korido na kutuambia tuinue miguu, na wenzangu wote wa benchi la mbele, hasa yule mwalimu mstaafu anayelala kabla ya kuitwa jina lake. Mke wangu anakusalimu, binti yangu anakusalimu, na mjukuu anauliza kama una penseli nyekundu za ziada. Muuza nyama usinisalimie. Nitamsalimu mwenyewe kesho asubuhi, kwa sababu siku hizi ananipitia tukatembee. Hatuongei sana. Anatembea haraka mno kwa mtu wa umri wake, na nashuku saa yake.

Wako katika kupigania vipimo vya haki,

Mkaguzi wa Mizani na Vipimo (Mstaafu)

NYONGEZA: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimelazimika kuifungua kwa mvuke wa birika.

Asubuhi hii amefika kaka yangu mkubwa kutoka kwake. Nilikuwa nimempigia simu aje aweke sahihi yake kama shahidi, maana naye hana imani na mambo ya hospitali. Alipoingia aliomba maji. Akanywa glasi tatu akiwa amesimama, akaomba jagi. Mkanda wake wa suruali ametoboa tundu jipya kwa msumari, na lile tundu liko mbali na mengine. Alipovua viatu nikaona kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Akasema ni kiatu. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mvua za mwanzo. Mvua, Ndugu Daktari, zimekwisha zamani.

Nikaenda kuleta mashine. Akanambia, "Hizo ni mashine za kutafutia watu magonjwa." Nikamwambia anawe mikono. Akasema yeye ni mkubwa wangu, hatumwi kunawa. Nikamnawisha mimi.

Ishirini na mbili nukta nane.

Kasema mashine ni mbovu. Nikaweka kijiti kingine, sindano nyingine, kidole kingine. Ishirini na mbili nukta tano. Kasema mbovu tena. Ndipo nikamwambia maneno haya, ambayo nakuomba yasimfikie muuza nyama kamwe: kwamba mashine hii nimeijaribu kwa chai, kwa asali, kwa njaa na kwa damu ya mke wangu, nimeifanyia kila hila niliyoikamata kwa watu kwa miaka thelathini na mmoja, na haijanidanganya hata siku moja. Aliyedanganya nilikuwa mimi.

Kwa hiyo malalamiko yote yaliyotangulia nayaondoa, kuanzia la kwanza hadi la tisa. Maombi nayaondoa pia, na mahali pake naweka moja tu. Leo si Jumatano, lakini tunakuja sasa hivi. Mlinzi wa getini aambiwe atupitishe. Barua nitakukabidhi mkononi, na ukishamwona kaka, soma nyongeza hii peke yake, hayo mengine uyachane. Na kama kuna mashine nyingine kabatini, iandikeni jina lake. Nitamfundisha mwenyewe.

Amesema haji. Lakini nimepiga magoti hapa sakafuni nimvalishe ndala, na mguu hajauvuta.